Pengo la Povu Jeusi

Bendi ya Povu Jeusi ilizaliwa ndani ya dobi, nami nilikuwepo, pasi mkononi. Nasema hivi kwa sababu kila Jumamosi nasikia vijana wakibishana pale nje ya ukumbi. Mmoja anasema ilianzia shuleni, mwingine anasema gereji, na kuna mmoja mwenye kofia anayeapa kabisa kwamba wazee wale walikutana jeshini. Huwa nawaacha wamalize. Uongo una mbio, lakini pumzi hauna.

Dobi letu lilikuwa jengo refu la matofali nyuma ya hospitali. Tulifua mashuka ya wodi, makoti ya madaktari na vitambaa vya meza vya hoteli mbili. Sakafu ilikuwa ya saruji, ina mfereji katikati wa kupitishia maji, na ukuta wa upande wa boila, lile tangi la kuchemshia maji, ulikuwa na joto mwaka mzima, hata paka wa mtaa walijua pa kulala. Meza yangu ya pasi ilikuwa chini ya dirisha. Mume wangu ndiye aliyekuwa mtu wa boila. Watu walimwita Mvuke, na mwishowe hata mama yake mzazi akamwita hivyo hivyo.

Kati yangu na yeye alikuwepo Bi Kubwa. Hilo lilikuwa jina la ile mashine kuu ya kufulia. Tulimwita hivyo kwa kuwa alitutangulia sote mle ndani, na kwa kuwa mume wangu akifika kazini alimsalimu yeye kwanza ndipo anikumbuke mimi. Mke mwenzangu yule alikuwa na mguu mmoja mfupi. Sakafu ilikuwa imebonyea chini yake, basi akifika pa kukamua nguo anaanza kuipiga: du, du, du, halafu anakawia kidogo kama mtu anayesafisha koo, du. Kazi yote ya dobi ilifuata mdundo ule. Mimi nilipiga pasi hivyo. Waliokunja mashuka wawili wawili walikunja hivyo, na mgeni akija kusaidia tulimtambua pale pa kukawia, maana yeye shuka ameshalivuta na mwenzake bado.

Gitaa Mvuke alilipata kwenye stoo ya hoteli, shingo imepasuka. Wahudumu waliambiwa walitupe, akalibeba. Akalitia gundi, akalibana kwa vibanio vyangu vya nguo, kila kibanio nilichokuwa nacho, na kwa siku kadhaa nguo zetu zilianikwa kwa maombi tu upepo usivume. Mtu huuliza, kwa nini roki, mbona kuna muziki mwingi wa upole? Jibu ni fupi. Muziki wa upole usingesikika mle ndani. Alichukua spika ya redio mbovu, akaunganisha nyaya zake, akapiga, ikakoroma kama simba mwenye mafua. Mimi niliziba masikio. Yeye akageuka, uso wote meno, akasema, "Umeisikia? Imempita Bi Kubwa!"

Karani wetu wa dirishani, dada mmoja mfupi mwenye miwani, ndiye aliyekuja kuimba. Kazi yake ilikuwa kupokea nguo mbele na kutuita sisi huku nyuma, na kwa kelele zile ilimbidi kuita kutoka tumboni: "Mashuka ya wodi ya watotooo!" Koo lake lilikuwa limeshafunzwa kabla hajajua. Dereva wa gari la dobi akapewa besi. Hakuwa amewahi kushika ala yoyote, lakini Mvuke alisema besi ni kama foleni ya magari: anayeiweza ni mtu asiyekosa subira. Na jina la bendi lilitokana na Dereva huyo huyo, aliyetia suruali nyeusi mpya ya mtu pamoja na vitambaa vya hoteli. Povu lilitoka jeusi tii mpaka mferejini. Alinuniwa na mkuu wa dobi mwezi mzima, ila jina tulipata.

Jumapili alasiri ndio ulikuwa wakati wao wa mazoezi, Bi Kubwa akikamua mashuka ya hospitali. Nami sikuwa na sababu ya kuwa pale Jumapili, lakini pasi haikosi nguo kwa anayetafuta kisingizio.

Sasa sikieni kosa ambalo sidhani bendi nyingine duniani imewahi kulifanya. Walialikwa kupiga kwenye ule ukumbi wa zamani wa sinema, Jumamosi alasiri. Karani kavaa gauni jekundu, Dereva kachana nywele, mimi nimekaa mstari wa mbele na mkoba wangu magotini. Wakapanda jukwaani. Mvuke akainua mkono. Akabaki ameuinua.

"Anza basi," Dereva akanong'ona.

"Naanzaje, na mwenyewe hajaanza?"

"Mwenyewe nani?"

Karani, bila kukumbuka kwamba kipaza sauti kiko wazi, akapiga ukelele. "Jamani! Bi Kubwa tumemwacha nyumbani!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Afadhali mlivyomwacha, angewakomesha." Lakini wale watatu hawakucheka. Walikuwa wamesimama kama watu walioshuka gari wakakuta si mji wao. Muda wote ule wa mazoezi hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba bendi haina mpiga ngoma. Mpiga ngoma alikuwa mashine.

Pembeni mwa jukwaa alikuwepo seremala akigongelea ubao uliolegea. Alitakiwa awe amemaliza asubuhi, lakini mafundi mnawajua. Katika kimya kile akagonga: ko, ko, ko. Mvuke akageuka kama aliyeitwa jina.

"Wewe! Usiache!"

"Nisiache nini?"

"Kugonga! Gonga, baba, gonga!"

Yule Seremala akagonga. Misumari ikaisha, akagonga ubao mtupu. Ubao ukapasuka, akahamia kwenye sanduku la vifaa. Nyimbo zilikwenda mrama, lakini watu walisimama juu ya viti. Jumapili iliyofuata alikuja dobi, Mvuke akamkalisha mbele ya Bi Kubwa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na alipoondoka alikuwa anakawia pale pa kukawia bila kuambiwa. Mkisikia watu wanasema Povu Jeusi wana mchechemeo wao, ndio huo. Ni mguu mfupi wa mashine ya kufulia.

Miaka ile sijui niishukuruje. Mimi shule yangu iliishia ya msingi, na huko tulifundishwa kuimba tumesimama wima, mikono ubavuni. Halafu nakuja kuwa mtu mzima, mama wa watoto, najikuta Jumamosi nimevua viatu naruka mbele ya spika, na mume wangu juu pale ananikonyeza. Wanangu waliona aibu. "Mama, watu wanakuangalia." Nikawaambia waangalie tu, macho hayana kodi.

Mvuke aliniacha wakati wa mvua. Kifua kilianza kumsumbua, kikamlaza, kikamchukua. Sitasema mengi hapo. Nitasema tu waliyonifanyia wenzake. Karani alihamia kwangu na mto wake. Dereva alichota maji, akapeleka wajukuu shuleni, akarudisha wajukuu, hakuulizwa na hakuuliza. Seremala alitengeneza jeneza kwa mikono yake, na hakutia msumari hata mmoja. Alitumia vigingi vya mbao, akavisukuma taratibu. Alisema kugonga aligonga na rafiki yake maisha yake yote, hataanza kumgongea juu.

Baada ya mazishi bendi ilipanda jukwaani bila gitaa la solo. Katika kila wimbo wao kuna mahali ambapo Mvuke alikuwa akiachiwa uwanja peke yake. Walipofika hapo, besi na ngoma zilishuka chini, Karani akainamisha kichwa, wakapaacha patupu mpaka pakapita, ndipo wakaendelea. Ukumbi mzima ulilia. Mimi nililia kuliko wote, na mwisho niliwakumbatia mmoja mmoja nikawaambia, "Ahsanteni, mmenipoza moyo." Na ilikuwa kweli, siku ile.

Wiki iliyofuata wakapaacha patupu tena. Na iliyofuata. Mwaka ukapita.

Jamani, heshima ni kama uji, usipokorogwa unashika chini. Watu walianza kukohoa pale kwenye pengo. Kisha wakaanza kuzungumza. Kisha wakalizoea kabisa, wakalitumia kwenda kununua soda na kwenda msalani. Muuza soda alifungua chupa mapema akijua linakuja. Siku moja nikamsikia kijana anamwambia mwenzake, "Twende sasa hivi, ni mapumziko." Mume wangu, mtu wa moto yule, amegeuka mapumziko!

Roho iliniuma, lakini nilinyamaza. Nilijisemea hawa wamempoteza rafiki, kila mtu ana dawa yake ya msiba, mimi ni nani niwanyang'anye yao.

Kisha mwenye ukumbi, mama mmoja wa sauti ya taratibu ambaye sijawahi kumsikia akifoka, akamwita Karani mbele yetu sote. "Mama," akasema, "msiba ule ni wetu sote, nimewaachia mwaka mzima. Lakini viti vinabaki vitupu. Mwisho wa mwezi mkija na lile shimo tena, Jumamosi itabidi nimpe mwingine. Nisameheni." Karani akaitikia kwa kichwa. Wengine wakatazama viatu.

Nilirudi nyumbani nikihesabu Jumamosi zilizobaki. Povu Jeusi walirekodi kanda moja tu maisha yao yote, na redio ilishaitafuna. Mahali pekee duniani ambapo nyimbo za Mvuke zilikuwa bado zinapigwa ni pale, Jumamosi alasiri. Pale pakifungwa, basi amekufa mara ya pili, na safari hii hakuna hata wa kumtengenezea jeneza.

Kulikuwa na binti mmoja asiyekosa kuja. Alikuwa fundi simu, kibanda chake kiko langoni mwa hospitali, nywele kazikata fupi, bisibisi ndogo daima mfukoni mwa shati. Alisimama kando ya spika, hasemi na mtu. Jumamosi ile iliyofuata nilikaa karibu naye, na pengo lilipofika, watu wakitoka kwenda kwa muuza soda, nikaona vidole vyake vya kushoto vinatambaa juu ya mkono wa kulia, haraka haraka, kama vinatafuta kiroboto.

"Mwanangu," nikamuuliza, "mkono unawasha?"

Akashtuka. "Hapana, bibi. Najaza."

"Unajaza nini?"

"Hapo panapovuja."

Nikamtazama vizuri. "Gitaa unalo?"

"Ninalo."

"Na sehemu za marehemu unazijua?"

"Baba alikuwa akinileta hapa begani. Nazijua zote."

"Sasa mbona huwaambii hawa?"

"Niwaambie nini, bibi? Kwamba naitaka nafasi ya marehemu? Si watanipiga kwa hiyo besi!"

Jumapili nikaenda dobi kwenye mazoezi. Nilikuwa nimeshastaafu kupiga pasi kila siku, ila kukunja mashuka bado nilikwenda, mikono haitaki kukaa. Bi Kubwa hakuwepo tena. Alishachukuliwa kuwa chuma chakavu, na mahali pake waliweka mashine mbili za kisasa, kimya kama wake wenza waliogombana. Nikawakuta watatu wamekaa juu ya mabunda ya nguo, hawapigi.

Nikawaeleza habari za Fundi Simu. Dereva akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Haiwezekani, shemeji."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kuna mtu tunamstahi."

"Nani huyo?"

Wakatazamana. Seremala akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

"Karani, nawe huwa huna siri. Sema."

Karani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Mke wa marehemu," akasema.

"Mke wa marehemu ni mimi!"

"Ndiye huyo huyo, wifi."

Nilikaa juu ya bunda. "Yaani mwaka mzima mnaacha shimo kwa ajili yangu?"

"Si ulilia siku ile?" Dereva akasema. "Ukatukumbatia, ukasema tumekupoza. Tukaona tukiliziba tutakuwa tunakuchoma kisu. Kila Jumamosi tunakutazama, na kila Jumamosi unalia pale pale."

"Nalia kwa sababu mnaliacha! Nilidhani ni ninyi ambao hamjapona. Nikanyamaza nisiwatoneshe."

Dereva akashika kichwa. Maji yakitiririka mferejini. Kisha Seremala akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Haya," akasema, "kumbe msiba mmoja nyumba mbili, kila nyumba inamsubiri jirani aondoe viti."

Tulicheka mpaka Karani akapata kwikwi. Lakini alipotulia alinishika mkono. "Wifi, kucheka tumecheka. Sasa niambie kweli. Akisimama mwingine pale pake, utaweza?"

"Nitaweza," nikasema.

Moyoni sikujua. Nilitaka nyimbo zake ziishi, na sikutaka mkono mwingine uziguse. Mambo mawili hayo hayakai chungu kimoja.

Fundi Simu alikuja na gitaa lake kalifunga kwenye blanketi. Aliwaamkia wote kwa heshima. Wakaanza. Nota zote anazo, jamani, moja haijapotea, lakini kila walipofika penye solo waligongana kama watu wanaopishana kwenye mlango mwembamba.

"Unaingia mapema," Seremala akasema.

"Shikamoo nilishakuamkia, mzee, lakini hapo nakataa. Ninyi ndio mnachelewa! Wote watatu! Toka mtoto nilidhani mnafanya makusudi."

Dereva akanuna. Karani akauma mdomo asicheke, akanigeukia. "Wifi, mpeleke akakunje mashuka."

Binti akadhani amefukuzwa, macho yakajaa machozi. Nikamshika kiwiko. "Twende, mwanangu. Huku ndiko wanakoingilia."

Sisi wakunjaji wa zamani, mashine ilikwenda lakini mikono yetu ilibaki naye. Nilimpa Fundi Simu ncha mbili za shuka, nami nikashika mbili. Vuta, kutanisha, vuta, kawia, kunja. Mara ya kwanza alinipokonya shuka nusura nianguke. "Pole, bibi!" Mara ya pili vivyo hivyo. Akaja kesho yake baada ya kufunga kibanda, na keshokutwa. Nilimsimulia Bi Kubwa na mguu wake. Nilimsimulia vibanio vya nguo. Sikumharakisha, shuka lina kona nne na kila kona ina zamu yake. Siku moja tukawa tumekunja bunda zima tunapiga soga, ndipo nikaona kwamba anakawia bila kujua. Sikumwambia. Ukimwonyesha mtu usingizi wake unamtoka.

Ndipo akaniuliza, kidevu kikishikilia shuka, "Bibi, Jumamosi nipige kama yeye, au nipige?"

Nilimwelewa vizuri sana. "Kunja kwanza," nikasema.

Tukakunja. Tukakunja lingine. Nilikuwa natafuta jibu ambalo halitaniuma, na halikuwepo. Angepiga kama Mvuke, ningepata sauti ya mume wangu kila wiki mpaka nife, au mfano wake. Mtu mwenye njaa hakatai mfano wa mkate.

"Unazijua nota zake zote," nikamwambia hatimaye.

"Zote, bibi."

"Basi ukipiga kama yeye, nitakaa pale mbele nikivizia ulipokosea. Kila Jumamosi. Sitakusikia wewe, na yeye sitampata." Nikaliweka shuka juu ya bunda na kulinyoosha, ingawa lilikuwa limenyooka. "Ingia pale pake. Ukishaingia, piga."

Jumamosi ikafika. Nilikaa mahali pangu pa siku zote. Wimbo wa kwanza ukaanza, Karani akaimba beti mbili, na pengo likakaribia. Watu wakaanza kuinuka kama kawaida, mmoja kasimama, mwingine anapita mbele ya magoti ya wenzake, samahani, samahani. Besi ikashuka. Ngoma zikashuka. Kwa mazoea Karani akainamisha kichwa.

Fundi Simu akakawia, sawasawa kabisa, halafu akaingia.

Sitasema uongo. Niliuchukia upigaji ule. Mahali Mvuke alipokuwa akipanda, yeye alishuka. Mahali alipokuwa akivuta waya mmoja mpaka ulie, yeye alichanganya nyingi zikakimbizana. Nilihisi kama mtu ameingia chumbani kwangu akahamisha kitanda. Nilifumba macho nikamtafuta mume wangu ndani ya wimbo wake mwenyewe, nikapita kila pembe, hakuwepo. Mwaka mzima nilikuwa nalia pale kwenye pengo, lakini kumbe katika pengo lile bado nilikuwa nikimsikia, kila mtu na sauti yake kichwani. Sasa gitaa la mtu mwingine lilikuwa limeijaza nafasi, na kwa mara ya kwanza nikajua ameondoka kweli. Nilishika mkoba wangu kwa nguvu nikataka kutoka nje.

Nikageuka kutafuta njia. Njia haikuwepo. Wale waliokuwa wameinuka kwenda kununua soda walikuwa wamesimama pale pale katikati ya viti, wamegeukia jukwaa, midomo wazi. Yule kijana wa mapumziko alikuwa na mguu mmoja ndani ya mstari na mwingine nje. Hakuna aliyepita, na hakuna aliyenipisha. Mlangoni alisimama muuza soda mwenyewe, kifungua chupa mkononi, kaja kuona wateja wake wamepatwa na nini.

"Kaa chini, bibi, tunaona!" mtu akanikemea kutoka nyuma.

Nikakaa. Ningefanya nini?

Wimbo ukaisha kwa kelele ambazo ukumbi ule haukuzisikia tangu Mvuke awe mzima. Karani alikuwa amesahau ubeti wa mwisho, anacheka tu, machozi yanapita chini ya miwani. Dereva alimwinamia yule binti kidogo kwa kichwa, na Dereva hajawahi kumwinamia mtu. Wimbo wa pili ukaanza. Katikati yake nikaona viatu vyangu viko chini ya kiti na mimi simo ndani yake.

Waliposhuka, Fundi Simu alinijia moja kwa moja, jasho linamtiririka.

"Bibi, umekasirika?"

"Kidogo."

"Wiki ijayo nirudi kwenye za kwake?"

"Thubutu!" nikamwambia. "Ile ya kwanza ingia kwa nguvu zaidi, usimwonee haya Dereva. Na ile ya pili..." Nikamvuta nikamkumbatia, gitaa likanichoma mbavuni. "Ahsante, mwanangu. Mume wangu ana pa kukaa."

Mwenye ukumbi alipita karibu, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Jumamosi saa ile ile," akaenda zake kuzima taa.

Miaka imepita tangu siku ile. Dereva macho yalimsaliti, akaachia besi kwa mwoka mikate mmoja mnene mwenye vidole vyepesi. Seremala mgongo ulipokataa, alimwachia ngoma na vijiti mpwa wake, mwalimu wa hesabu, ambaye mchechemeo ulimsumbua kuliko wote kwa sababu alitaka ugawanyike sawasawa. Karani bado anaimba, ameketi. Wote hao wamepita mikononi mwangu, ncha mbili zao, ncha mbili zangu. Mungu amenipa uzee wenye kelele, nami nashukuru kwa kila kelele.

Tabia moja tu sijaiacha. Akisimama mgeni pale jukwaani, wimbo wake wa kwanza huwa namkasirikia kwa moyo wote, kwa niaba ya aliyeondoka, na naomba nisisemeshwe. Hiyo ni haki ya aliyeondoka. Wimbo wa pili, wajukuu, mnipishe kidogo hapo mbele, nipate pa kuchezea.